Kishindo cha Jumapili

Alhamisi hiyo mkaguzi wa serikali alikuwa ameamkia upande mbaya. Makala ya Hipolit Zaremski, iliyomcheka ofisa mmoja wa barabara ambaye mawe ya kutandaza mtaani yaliishia kwenye ua wa nyumba yake mwenyewe, ilirudi kutoka ofisi ya ukaguzi imechorwa wino mwekundu kuanzia juu hadi chini. Mchana Hipolit alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akavua kofia iliyolowa theluji, akaitupa kitandani.

"Wamenifuta," alimwambia mkewe.

"Yote?" aliuliza Leokadia. Alikuwa akimenya viazi.

"Wameniachia jina langu tu, pale chini. Wolicki anataka kingine kabla ya magharibi. Gazeti likitoka na pengo jeupe, hilo pengo nalo ni kosa."

Leokadia hakushangaa. Warszawa ya miaka ile, mji wa Wapolandi, ilikuwa mkononi mwa Warusi, na kuandika gazeti la kuchekesha kama *Mbigili* kulikuwa sawa na kucheza ngoma chumbani mwenye nyumba amelala. Wolicki, mhariri, aliwahi kulala rumande kwa sababu ya mchoro wa bata aliyevaa kofia. Tangu hapo wanyama wote wa *Mbigili* walikwenda vichwa wazi.

"Kula kwanza," alisema Leokadia.

"Nitakulaje na kichwa kitupu?"

Kwenye kona ya jiko la vigae alikaa mama yake Hipolit, Bibi Tekla, shali mbili mabegani. Alikuwa na umri wa kusikia anachotaka tu, na siku hiyo alitaka kusikia.

"Baba yako alikuwa mpiga viatu vya farasi," alisema. "Sijaona mtu akija kumfutia kiatu."

"Mama, niache."

"Nimekuacha. Nasema tu na jiko."

Hipolit alisogeza meza dirishani. Alitafuna ncha ya kalamu, akatazama ua wa jengo chini, pampu iliyofungwa majani makavu isigande, madirisha ya watu yaliyotazamana kama wachezaji karata. Alitazama hivyo muda mrefu. Kisha akaanza kuandika, na baada ya mistari michache akaanza kupiga mluzi. Leokadia aliposikia mluzi moyo wake ulitua. Mume akipiga mluzi, nyumba ina amani.

Kwa kawaida Hipolit alimsomea mkewe kila kitu kabla ya kukipeleka. Alikuwa akimwita mkaguzi wake wa kwanza. Penye kicheko cha Leokadia aliacha, penye ukimya wake alikata. Siku hiyo alikunja karatasi wino haujakauka vizuri, akaitia mfukoni, akarudisha kofia kichwani.

"Hunisomei leo?"

"Muda hakuna, Lodzia. Utasoma Jumamosi kama watu wengine," alisema, akimwita kwa jina la nyumbani.

Akashuka ngazi mbili mbili.

*

Jumamosi asubuhi Leokadia aliteremka kuchota maji. Penye pampu walisimama wanawake watano sita, ndoo zao chini, wakimzunguka Marcinowa, mke wa mtunza jengo. Marcinowa alikuwa na *Mbigili* mkononi. Alikuwa mmoja wa wachache pale waliojua kusoma, na alisoma kwa sauti ya padri.

"Huyu hapa mwenyewe," alisema alipomwona. "Njoo, Bibi Zaremska, mumeo leo ametuvunja mbavu."

"Amesema nini?"

"Sikiliza." Marcinowa akalowesha kidole. Makala ilihusu mjane mmoja wa mji wa Lublin, mke wa marehemu mshauri wa mahakama, bibi wa glavu na Kifaransa. Kila Jumapili akitoka kanisani mjane huyo alifunga aproni, akafungua dirisha hata kukiwa na barafu, akaweka ubao, akashika nyundo ya mti ya kulainishia nyama, akapiga. Tu, tu, tu. Mtaa mzima ulimsikia. Jirani mmoja akasema: Leo Bibi Mshauri anakula ndama. Mwenziwe akajibu: Ndama gani? Anakula ubao. Na ana akili, ubao hauozi, wiki ijayo ataupasha moto.

Wanawake walicheka. Mmoja alishika kiuno. Marcinowa alikunja gazeti, akainua macho polepole kuelekea bawa la nyuma la jengo, kwenye dirisha la ghorofa ya pili lenye pazia la lesi.

"Lublin," alisema. "Mimi nawajua wa Lublin wa karibu zaidi."

"Nyamaza we."

"Kwani nimesema nani? Nimesema Lublin. Lakini nimefagia ngazi zile miaka minane, na mfupa wa nyama kwenye taka zake sijauona. Nilikuwa nadhani anautafuna na wenyewe."

Wakacheka tena. Leokadia alipiga pampu hadi ndoo ikafurika na kumlowesha viatu.

Ni yeye aliyejua. Wiki chache nyuma alikwenda kumrudishia Bibi Eufemia Radoszewska chekecheo lake, akakuta mlango haukufungwa vizuri, akausukuma. Bibi Eufemia alikuwa amesimama dirishani, koti limefungwa hadi shingoni kwa sababu jiko halikuwashwa, nyundo juu. Juu ya ubao hapakuwa na kitu. Walitazamana. Kisha yule mjane aliweka nyundo chini kwa adabu, kama mtu anayeweka kijiko baada ya kushiba, akasema, "Keti, mwanangu. Umeshaona, sasa keti." Akamweleza. Pensheni ya marehemu ilikuwa ndogo, chumba kilikula nusu, waliobaki walikuwa wanafunzi wake wawili, mabinti wa Szmurlo mwenye kiwanda cha sabuni. Watu kama wale, alisema, hawampi mwalimu mwenye njaa watoto wao. Wanaogopa njaa inaambukiza. Ndiyo maana anapiga ubao. Alilisema bila kulia, na Leokadia ndiye aliyelia.

Aliporudi kwake, mzigo ule ulimwelemea. Kabla ya kulala akamwambia mumewe. Nani mwingine wa kuambiwa?

*

"Nimeandika Lublin," alisema Hipolit.

"Nimesikia."

"Nimemwita mshauri. Marehemu Radoszewski alikuwa karani. Nimempa paka, hana paka. Nimemnenepesha."

"Umempa nyundo."

Hipolit alikuwa akinyoa mbele ya kioo kidogo. Aliendelea, wembe shavuni. "Lodzia, nilikuwa na saa tatu. Nikiandika juu ya ofisa, wanafuta. Nikiandika juu ya gavana, nakwenda Siberia. Juu ya padri, mama hatanisemesha. Nani amebaki Warszawa hii wa kuandikwa?"

"Kwa hiyo umeangalia chini."

"Nimeangalia dirishani."

"Ni mimi niliyekuambia."

"Hukusema nisiandike."

Ni kweli Leokadia hakusema. Hakujua kwamba mke anapaswa kumwambia mumewe vile, kama mtu anayebandika tangazo ukutani.

Bibi Tekla alikohoa kwenye kona yake. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha," alisema. "Mimi niliwaosha wengi kijijini. Nilikuwa narudi nyumbani, baba yako ananiuliza, vipi marehemu? Namjibu, amekufa."

"Mama, hii ni kazi yangu. Inakulisha."

"Nimesema nini mimi? Nasema na jiko."

Hipolit alijikata kidogo kidevuni. Alipachika kipande cha gazeti kwenye jeraha, la jana, si la kwake, akaenda kuonana na wenzake kwenye duka la kahawa, ambako makala yake ilikuwa imesifiwa tangu asubuhi. Alirudi jioni. Wote walicheka, alisema, na mmoja akamwuliza yule mjane anakaa ghorofa ya ngapi.

*

Jumapili, baada ya misa, wapangaji walikaa madirishani kana kwamba kuna gwaride. Kutoka jikoni mbalimbali ukaanza mlio wa kila wiki, nyundo juu ya nyama, kwa wale walioweza. Dirisha la pazia la lesi lilikuwa limefungwa. Halikufunguka.

Mafundi cherehani wa chini, vijana wasio na wake wala adabu, walitoa ubao wao wa kupigia pasi uani wakaupiga kwa viatu vyao vya mbao. Tu, tu, tu. "Bibi, karibu chakula!" alipaza mmoja, akielekeza uso juu. "Kimeiva! Ni mti wa mwaloni!" Madirishani watu waliziba midomo. Mume wa Marcinowa alitoka na fagio akawafukuza, lakini si haraka sana.

Leokadia alitia supu ya kabichi kwenye chungu kidogo, akakifunika kitambaa, akapanda ngazi za bawa la nyuma. Alibisha. Alisikia nyayo zikija hadi mlangoni na kusimama.

"Bibi Eufemia, ni mimi."

Mlango haukufunguka.

"Nimekuletea kidogo tu cha moto."

"Ahsante, Bibi Zaremska," ilisema sauti nyuma ya mlango, laini, ya mtu aliye mezani na wageni. "Nimeshakula."

Hakuwahi kumwita Bibi Zaremska. Kwa miaka yote alimwita mwanangu. Leokadia alisimama pale na chungu chake hadi joto likamtoka mikononi, kisha akashuka. Njiani alikutana na Marcinowa, aliyetazama kitambaa, akatazama juu, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa. Jumatano ni Marcinowa huyohuyo aliyemletea habari. Alikuwa ameipata kwa mpishi wa akina Szmurlo.

"Wamemtoa," alisema. "Alikuwa anawafundisha wale wasichana kitenzi cha Kifaransa, kula. Ninakula, unakula, anakula. Wakaanza kucheka. Mkubwa akapiga meza kwa kiganja, tu, tu. Mdogo akaanguka chini ya kiti. Eti bibi alingoja mpaka wamalize, akasema, sasa wakati uliopita. Ndipo mama mtu akaingia." Alifuta pua kwa aproni. "Mimi mdomo wangu mrefu, Bibi Zaremska, nakiri. Lakini sikutaka afike huko."

*

Hipolit alipoambiwa aliweka kijiko chini. Hakutafuta maneno ya kujitetea safari hii. Alikaa ameinamisha kichwa, vidole vyenye wino vikichezea makombo ya mkate.

"Nitaandika," alisema mwishowe. "Toleo lijalo. Nitaomba radhi waziwazi, ukurasa wa kwanza, kwamba mwandishi amemkosea mama wa heshima."

"Hutaandika," alisema Leokadia.

"Lodzia..."

"Ukiandika, waliokuwa hawajui watajua. Wa Lublin nao watauliza ni nani. Umemtia gazetini mara moja, usimtie tena hata kwa kumpaka marashi."

"Sasa nifanye nini? Mimi sijui kufanya kitu kingine."

"Una miguu. Utakwenda kwa Szmurlo."

Hipolit alimtazama kama aliyeambiwa aruke dirishani. Miaka mitatu nyuma aliandika kwamba sabuni ya Szmurlo hutakasa kila kitu isipokuwa mwenye kiwanda. Sentensi ile iliuza *Mbigili* mpaka likachapwa mara ya pili.

"Atanifungulia mbwa."

"Nitakwenda nawe. Mbwa watagawana."

Walikwenda kesho yake, yeye amevaa koti lake jeusi la mazishi, mkewe kofia aliyoishona upya utepe. Mtumishi aliwaacha ukumbini, penye hanga la makoti na meza ndogo, pasipo kiti. Walisimama. Watu walipita, mleta samaki, mshona mapazia, mwalimu wa ngoma. Wote wakaingizwa ndani, wote wakatoka. Theluji kwenye viatu vya Hipolit iliyeyuka ikafanya dimbwi juu ya sakafu iliyong'arishwa, na kijakazi akaja na kitambaa, akapiga magoti, akafuta kuzunguka miguu yake bila kumwomba asogee. Hipolit alikuwa mwekundu hadi masikioni. Leokadia alimshika kiwiko, naye hakujua kama anamtia moyo au anamzuia asikimbie.

Gaudenty Szmurlo hakuwa jitu la kutisha. Alikuwa mtu mfupi, upara umelowa jasho, mikono imebabuka kwa magadi ya ujana wake, maana alianza kwa kuchemsha mafuta mwenyewe kwenye pipa. Mkewe aliketi kando na kazi ya kudarizi.

"Hutakasa kila kitu isipokuwa mwenye kiwanda," alisema Szmurlo badala ya salamu. "Nimekosea neno?"

"Hapana, bwana. Ndivyo nilivyoandika."

"Naikumbuka vizuri. Wafanyakazi wangu waliiandika kwa chaki kwenye pipa. Mwanangu wa kiume alirudi shule jicho limevimba. Nikamwuliza, umepigana na nani? Akasema, na darasa." Alipangusa upara. "Sasa umekuja kutaka nini?"

Hipolit, aliyezoea kupata neno kabla halijatafutwa, alikwama kama mtoto mbele ya katekista. Akasema kwamba kosa ni lake, si la mwalimu. Kwamba yule mama ni mwenye elimu na uvumilivu. Kwamba anaomba arudishwe.

"Mimi sina neno naye," alisema Bibi Szmurlo, sindano ikiendelea. "Kifaransa chake ni safi. Lakini utamfanyaje mtu ambaye watoto wakimwona wanacheka?"

"Watoto hucheka wanachokicheka wakubwa," alisema Leokadia. Ilimtoka kabla hajaipima. "Samahani, bibi."

Sindano ilisimama. Szmurlo alimtazama Leokadia kwa mara ya kwanza, kisha akacheka kidogo puani.

"Kumbe kalamu ya nyumba ni hii hapa. Sikiliza, Bwana Zaremski. Jumamosi ijayo ni sikukuu ya somo wangu, mtakatifu ninayeitwa kwa jina lake. Watakuja watu. Nataka shairi. Si la matusi, la sifa. Mimi, nyumba yangu, na sabuni. Sabuni itajwe kwa jina. Utalisoma mwenyewe, umesimama, na Wolicki atalichapa. Wolicki hatakataa, tangazo langu ndilo linalolisha ukurasa wake wa nyuma."

"Bwana Szmurlo, sijawahi kuandika sifa za mtu. Miaka kumi na sita sijawahi."

"Basi utaanza na mimi. Ni heshima kwangu."

Hipolit alimgeukia mkewe. Leokadia alijua anaombwa nini. Alikuwa anaombwa aseme, twende zetu, tumejaribu. Alilikodolea macho zulia.

"Na Bibi Radoszewska atarudi lini?" aliuliza.

"Jumatatu ya baadaye," alisema Bibi Szmurlo. "Nitawaambia wasichana kwamba aliugua. Na atakayecheka atakula mkate mkavu."

*

Shairi lilimchukua wiki nzima. Huyu ndiye aliyejaza safu kwa alasiri moja. Aliandika akachana, akaandika akachana, na mluzi haukusikika. Bibi Tekla, ambaye hakuelezwa lakini alijua kila kitu, alisema na jiko kwamba chuma baridi hakipindi, ila akamwongezea mwanawe shali moja mabegani.

Siku ya sikukuu sebule ya Szmurlo ilijaa wauza nguo, mawakili, madaktari wawili, na kwenye kona, bilauri mkononi, Wolicki mhariri, aliyealikwa makusudi. Leokadia aliwekwa kwenye safu ya viti karibu na mlango wa jikoni, pamoja na mshonaji wa nyumba na yaya. Kutoka pale aliona bata wa kuoka wakipita, na nyama ya mbavu, na makaroni yenye mbegu za mpopi, na hakuna sahani iliyosimama kwao.

Hipolit alisimama chini ya taa. Koti la mazishi lilimbana. Alifungua karatasi, na Leokadia alisali kimoyomoyo asome vibaya, asome haraka kama mtu anayemeza dawa, amalize.

Hakusoma vibaya. Hapo ndipo palipomuuma. Alisoma vizuri kabisa. Alitua penye kutua, akainua nyusi penye kuinua, akamfananisha Gaudenty Szmurlo na alfajiri inayoosha uso wa mji, na sabuni yake akaifanya bibi arusi. Wageni walicheka kwa kupendezwa, wakapiga makofi katikati. Mwandishi mzuri ni mzuri hata anapojichinja.

"Rudia," alisema Szmurlo kutoka kwenye kiti chake, mikono iliyobabuka imepumzika tumboni. "Pale penye sabuni. Shemeji yangu hasikii vizuri."

Hipolit alirudia.

"Jina. Tamka jina la sabuni, hakulisikia."

Alilitamka. Shemeji alisema sasa amesikia. Wolicki alikuwa ameangalia ndani ya bilauri yake muda wote huo, na makofi yalipoanza alipiga na yeye, taratibu, bila kuinua macho. Bibi Szmurlo alimletea Hipolit kifurushi kilichofungwa utepe, mbele ya wote. Kilikuwa na miche sita ya sabuni ya waridi.

Walirudi kwa miguu, kwenye baridi iliyokata masikio, hadi kwenye lango la jengo lao.

"Nilipofika pale penye bibi arusi," alisema, "walicheka vilevile. Kicheko kilekile, Lodzia. Hakina tofauti."

"Nilisikia."

"Nilidhani kitakuwa na tofauti."

Alikiacha kifurushi juu ya ukingo wa pampu. Asubuhi hakikuwapo, na kwa mwezi mzima ngazi za Marcinowa zilinukia waridi.

*

Bibi Eufemia alirudi kwa wanafunzi wake Jumatatu ile. Alhamisi alasiri alibisha mlango wa akina Zaremski. Alivaa kofia nyeusi na glavu zilizotiwa viraka kwa ustadi kwenye ncha za vidole, akaomba kuonana na Bwana Hipolit.

Hipolit alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Alianza kusema, akashindwa, akainama akambusu mkono.

"Nimesikia ulichofanya nyumbani kwa wale watu," alisema mjane. "Nimekuja kushukuru. Si kila mwanamume angesimama pale."

"Mama, mimi ndiye niliyekuweka..."

"Tumeshalimaliza. Una kazi yako, na kazi hii ina miiba. Tusilirudie."

Alikaa, akanywa chai moja ya samova, lile birika kubwa la mkaa, na sukari ya kumung'unya, akamwuliza Bibi Tekla juu ya magoti yake, akaisifu jamu ya cheri. Hipolit alichangamka polepole kama mtu aliyetolewa kwenye baridi. Alisema mzaha mmoja mdogo, juu ya mkaguzi, na Bibi Eufemia akatabasamu vizuri. Leokadia aliwatazama na pumzi ikamshuka kifuani. Yamekwisha, aliwaza. Mungu mkubwa.

Mgeni alipoaga, alimsindikiza hadi kwenye ngazi, akavuta mlango nyuma yake.

"Bibi Eufemia. Na mimi unisamehe."

Yule mjane alikuwa akivuta glavu, kidole kwa kidole.

"Mumeo nimemsamehe bila shida," alisema. "Hakunijua. Kwake nilikuwa bibi wa dirisha la ghorofa ya pili. Kunguru halaumiwi kwa kudokoa kilichoanikwa."

"Nilimwambia mume wangu. Sikumwambia mtu baki."

"Najua. Na mimi nilikuwa na mume, na nilimpenda. Kuna mambo ya watu niliyomwambia, na kuna mengine alikufa hajayasikia." Alisema hivyo bila ukali. "Wewe nilikukalisha kwenye kiti changu."

Chini, mlango wa ua ulifunguka ukafungwa.

"Basi tufanyeje?"

"Tutasalimiana. Jengo zima linatutazama. Tukinuniana watapata la kusema. Nitakuuliza habari za mama mkwe wako, nawe utaniuliza kifua changu kinaendeleaje. Nikipika kitu kizuri Pasaka nitakuletea kipande, nawe utanirudishia sahani na yai. Ila ndani kwangu usije tena, Bibi Zaremska."

Akashuka, mkono mmoja juu ya kishikio cha ngazi, mgongo wima. Ndivyo walivyoishi baadaye miaka saba, hadi mazishi ya yule mjane, na hakuna mtu jengoni aliyewahi kuona dosari.

Leokadia alipoingia ndani, Hipolit alikuwa amesharudi mezani, karatasi safi mbele yake. Uso wake ulikuwa umepata rangi.

"Mlikuwa mnasema nini muda wote ule?" aliuliza. "Nimesikia kunguru. Kunguru wa nini?"

Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa kidogo, si kwa ubaya, ni kama ya mtu aliyesikia harufu ya mkate mtaani. Leokadia aliyaona.

"Anasema wamezidi uani mwaka huu."

"Halafu?"

"Halafu akashuka."

Alikusanya vikombe, akavisuuza, akavipangusa kimoja kimoja. Hipolit alingoja, kalamu juu. Aliona hakuna nyongeza, akaichovya katika wino, akaandika habari za theluji.